Barghash Mwarabu, Obama mweusi: majibu kwa wasomaji

Wiki hii barua nyingi zimezunguka jambo moja: watu mashuhuri waliozaliwa na wazazi wa rangi mbili, na majina tunayowabandika. Tunazijibu hapa.

Mama yake Obama ni Mzungu mtupu. Mbona dunia nzima inamwita rais mweusi? (Kinondoni)

Kwa sababu anaitwa kwa kanuni ya Marekani, na kanuni hiyo ilianzia kwenye sheria. Desemba 1662 koloni la Virginia liliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama: mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata kama baba ndiye mwenye shamba. Bwana alizaa na mjakazi wake, akajiongezea mali. Utumwa ulipokwisha, kamba ikazidi kukazwa. Sheria ya Virginia ya 1924 ilimhesabu mtu kuwa mweupe pale tu asipokuwa na chembe ya damu nyingine. Waliolegezewa kidogo ni wenye sehemu moja ya kumi na sita, au pungufu, ya damu ya wenyeji asilia wa Amerika. Damu ya Kiafrika haikulegezewa hata tone. Marufuku ya ndoa za mchanganyiko ilivunjwa na Mahakama ya Juu ya Marekani tarehe 12 Juni 1967, wakati majimbo 16 bado yanaishikilia. Obama, aliyezaliwa Hawaii, alikuwa na miaka mitano.

Naye mwenyewe hakuipinga hesabu hiyo. Tangu 2000 fomu ya sensa ya kwao inaruhusu kutia alama zaidi ya moja, lakini mwaka 2010 alitia moja tu, ya mweusi.

Sasa tazama pwani yetu. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto ambaye suria amezaa na bwana wake huzaliwa huru na hufuata nasaba ya baba. Kwa hiyo Barghash alikuwa Mwarabu, tena Sultani. Angezaliwa Virginia zama hizo, angeuzwa mnadani. Hatusemi pwani ilikuwa na huruma, maana suria alikuwa mtumwa na hakuna aliyemuuliza ridhaa yake. Tunasema kwamba baba mwenye mamlaka na mama mtumwa walizaa mtoto wa aina moja, na sheria mbili zikampa majina mawili.

Mazoea ya kumhesabu mtu kwa baba tunayo hadi leo. Ndiyo maana mpita njia kwenye Barabara ya Barack Obama, ile ya ufukweni iliyopewa jina lake alipozuru Dar Julai 2013, atakwambia bila kusita kwamba yule ni Mjaluo wa Kenya. Mmarekani anamwona mweusi kwa sababu ya tone la damu, sisi tunamwona Mjaluo kwa sababu ya baba.

Neno "chotara" ni tusi? Nami niandike nini badala yake? (Tabata)

Wapo wanaojiita hivyo bila kinyongo, na hao waiteni walivyojiita. Kwa wengine sisi hatulitumii. Sababu utaisikia ukisimama mbele ya duka la pembejeo: kuku chotara, yaani Sasso na Kuroiler, mahindi chotara, ng'ombe chotara wa maziwa. Ni neno la banda na shamba, na mtoto anayeitwa hivyo darasani analijua linakotoka.

"Suriama" ni zito zaidi, kwa kuwa limejengwa juu ya "suria": ukimwita mtu hivyo umemtaja mama yake kuwa kijakazi. "Hafukasti" limebeba kipimo cha mkoloni, nusu ya tabaka. "Shombeshombe" na "pointi faivu" husemwa kwa kicheko, lakini anayecheka kwa kawaida si mwenye kuitwa.

Ukiandika habari, jiulize kwanza kama asili inahusika. Mfungaji wa bao la dakika ya 88 hahitaji kutajiwa mama yake. Kama inahusika, tafuta mhusika alivyojitaja mwenyewe katika mahojiano. Usipopata, taja wazazi kwa nchi au kabila: "baba Mjerumani, mama Mchaga". Usigawe mtu kwa nusu na robo. Uraia uuweke peke yake, kwa sababu Mtanzania mwenye baba Mjerumani bado ni Mtanzania. Kosa tunalokutana nalo sana ni "mwenye asili ya Asia". Hapa Dar msomaji anasoma "Mhindi" papo hapo, kumbe mama wa mhusika ni Mchina. Taja nchi.

Kamala Harris ni Mhindi au mweusi? Trump alidai aligeuka kuwa mweusi. (Kigamboni)

Ni vyote viwili tangu alipozaliwa Oakland mwaka 1964, kwa mama kutoka India, Shyamala Gopalan, na baba kutoka Jamaika, Donald Harris. Trump alitoa dai hilo Julai 2024 huko Chicago mbele ya wanahabari weusi. Lakini Harris alihitimu 1986 Howard, chuo kikuu maarufu cha Wamarekani weusi, miaka mingi kabla hajagombea cheo chochote cha umma. Tatizo la swali lako liko kwenye hilo neno "au".

Kwa nini Wamarekani walimkasirikia Tyla, mwimbaji wa Afrika Kusini? (Sinza)

Alijitambulisha kwa neno la Kiingereza "coloured", lenye maana ya "mwenye rangi". Marekani neno hilo liliandikwa juu ya milango na mabomba ya maji ya watu weusi enzi za ubaguzi, nao wanalihesabu kuwa tusi. Huko Afrika Kusini neno hilohilo ni jina la jamii yenye watu mamilioni, lugha yake na mapishi yake. Hata hivyo nalo lina kovu. Sheria ya 1950 ya kuandikisha watu kwa rangi ililifanya kuwa fungu la kisheria, na maofisa waliposhuku walichomeka penseli kwenye nywele: ikidondoka una nafasi ya kuwa mweupe, ikinasa huna. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutiwa mafungu tofauti. Sheria ilifutwa 1991, jamii ikabaki na jina lake, na ni haki yake.

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alikuwa chotara? (Upanga)

Hapana. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na wazazi wote wawili walikuwa Waparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi.

Msanii yuleyule picha hii mweupe, ile mweusi. Anajichubua? (Mbagala)

Usimhukumu mtu kwa picha. Kamera hupima mwanga wote wa mbele yake na kuuvuta kuelekea kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Mpige saa sita mchana Coco Beach, bahari ikimetameta nyuma yake: kamera inabana mwanga, uso unaingia giza. Mpige mbele ya pazia jeusi: inafungua mwanga, uso unapauka. Balbu ya njano nayo huongeza wekundu.

Kwenye simu, gusa uso wake kwenye kioo na ushikilie mpaka kipimo kijifunge, kisha panda au shuka taratibu kwa alama ya jua. Zima filta ya urembo, maana nyingi hung'arisha ngozi bila kukuuliza. Nanyi wahariri, msichague picha ya giza kwa habari ya kesi na ya mwanga kwa habari ya tuzo.

Mwanangu baba yake ni Mdenmark. Shuleni wanamwita mzungu. Serikali inamtambua kama nani? (Mbezi)

Mama, inamtambua kama Mtanzania. Oktoba 1961 Nyerere alikataa katakata bungeni hoja ya kufunga uraia kwenye rangi, akasema yuko tayari kujiuzulu. Sensa yetu iliuliza kabila kwa mara ya mwisho 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 bila kisanduku cha rangi.

Kinachohitaji uangalizi ni uraia. Kwa sheria ya 1995 mtoto anaweza kuwa na uraia wa nchi mbili, lakini akifikisha miaka 18 lazima achague. Akishikilia ule wa baba, wa Tanzania unamtoka. Hifadhi cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na muanze kulizungumza mapema, kabla hajafika hapo. Na kwa mwalimu wa darasa nenda mwenyewe, umwombe amwite mwanao kwa jina lake mbele ya wenzake. Watoto huita kama mwalimu anavyoita.