Elden Ring kwa anayeanza: mpishe yule mpanda farasi

Ndugu, umeuliza kama ununue Elden Ring wakati hujawahi kucheza gemu ya FromSoftware (kampuni ya Kijapani inayojulikana kwa gemu ngumu), na yule mpanda farasi wa dhahabu uliyemwona kwenye video kakutisha. Nunua. Huyo kawekwa pale mwanzoni ujifunze kukwepa: mzunguke kwa mbali, ingia kwenye kanisa lililo karibu, rudi ukishapata nguvu. Hidetaka Miyazaki, mwongozaji wa gemu hii, na wenzake walitengeneza dunia wazi, ukikwama huku unajaribu kule. Visasili vya kale vya dunia hiyo aliviandika George R. R. Martin, mwandishi wa vitabu vilivyozaa Game of Thrones, ila usingoje kusimuliwa. Utaokota vipandevipande kwenye maelezo ya silaha (mimi napenda hivyo, wengine huboreka). Ilipotoka Februari 2022 wenye kompyuta walilalamika picha inakwamakwama, lakini mwaka huohuo ikabeba tuzo ya gemu bora. Kompyuta yako ikiwa ya zamani, afadhali konsoli (PlayStation au Xbox).