Mzee Keya Hakuomba Kwenda London

Wiki iliyopita mliuliza: askari mgeni aliyelitumikia jeshi la nchi nyingine, je, apewe haki ya kuishi katika nchi hiyo? Nilitaka kujibu kwa neno moja, "apewe", niendelee na shughuli zangu. Kisha nikamkumbuka babu, na jibu likaharibika.

Babu alikuwa keya. Vijana wa siku hizi nawaeleza kwamba keya ni KAR (King's African Rifles), jeshi ambalo Mwingereza aliliunda kwa watu wetu ili limpiganie. Mwaka 1943 alipandishwa meli Mombasa, akashushwa Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mwaka uliofuata akawa katika ile Divisheni ya 11 iliyowafukuza Wajapani bonde la Kabaw, Burma, matope magotini na malaria kichwani. Akarudi 1946.

Nilipokuwa darasa la sita ikavuma habari kwamba wazee waliopigana vita vya Wazungu wapeleke karatasi zao kwenye ofisi fulani mjini. Babu hakulala. Usiku kucha nilimsikia akisugua nishani zake kwa majivu. Alfajiri akavaa lile koti la jeshi lililoliwa na nondo kwapani, akanipa kopo la biskuti nibebe. Ndani ya kopo mlikuwa na kitabu chake cha jeshi, kimefungwa kwa nailoni mara tatu. Tulitembea kwa muda wa karibu saa nne. Njiani hakusema lolote ila kuniuliza kila baada ya muda kama kopo bado ninalo, kana kwamba ningeliweka wapi.

Karani alikuwa kijana, pengine mdogo kuliko baba yangu. Akauliza jina. Babu akasimama wima, akagonga visigino (miguuni ana akala, kwa hiyo hapakulia kitu) akatamka namba yake ya jeshi kwa sauti ya paredi, tarakimu moja moja. Foleni nzima ikanyamaza.

"Mzee, sijakuuliza namba. Nimekuuliza jina."

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Afisa aliyemwandikisha alikuwa amesikia vibaya, akaandika alichosikia. Jina la kitabuni halikufanana na la kitambulisho. Akaambiwa alete barua ya chifu. Tukarudi na barua (nayo haikutoka bure, lakini tuyaache hayo). Safari ya pili karani hayupo. Safari ya tatu akadaiwa mashahidi wawili waliokuwa naye jeshini. Babu akasema mashahidi wake wako baharini. Karani akadhani ni wavuvi, akamwambia wakirudi awalete.

Hao walikuwa vijana wa mizinga waliokuwa ndani ya Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa na kuzamishwa na nyambizi ya Kijapani Februari 1944. Walikufa watu karibu 1,300. Babu hakueleza. Alichukua kopo lake, akapiga saluti, akatoka. Safari ya nne hatukwenda.

Siku hiyo, tukirudi, nikamuuliza kwa nini hao Wazungu hawakumchukua tu akaishi kwao Ulaya, maana mimi mwenyewe ningekwenda. Akacheka. Akaninyoshea kidole ng'ambo ya seng'enge, kwenye shamba alikowahi kuchunga ng'ombe wa watu kwa miaka minane. "Yule aliyepewa hili naye alikuwa askari," akasema. "Vita vilevile."

Ndiyo maana swali lenu limenikera kidogo. Mnaliuliza kana kwamba kumpa askari mgeni makazi ni jambo ambalo bado linatafakariwa. Sisi tumeliona likitendeka. Mwaka 1919 Wazungu waliotoka vitani waligawiwa hapa Kenya mashamba zaidi ya 1,000, mengine juu ya ardhi ya Wanandi, ambao vijana wao nao walikuwa keya. Baada ya vita vya pili wakaletwa wengine. Mwafrika alirudi akakuta kipande, kile cheti cha kazi alicholazimishwa kuvaa shingoni, na kiinua mgongo chake baada ya vita hivyo vya pili kikawa kama theluthi ya kile cha Mzungu wa cheo kilekile.

Kwa hiyo nilikuwa tayari kuandika: hapana, makazi yenu kaeni nayo, tupeni fedha zetu hapa hapa. Tena Wafaransa walinipa hoja. Mpaka Januari 2023, wazee wa Senegal waliowapigania walilazimika kukaa Ufaransa nusu ya kila mwaka ili wapate posho ya uzeeni ya euro 950 hivi kwa mwezi. Mzee wa miaka 90 amejikunja kwenye chumba cha hosteli, mkewe yuko Afrika. Hiyo si haki ya kukaa. Ni kifungo chenye mshahara.

Lakini nina mpwa katika jeshi la Uingereza, na hilo limenilegeza. Wenzake wa Nepal, Wagurkha walioacha jeshi kabla ya Julai 1997, hawakufunguliwa mlango mpaka 2009, baada ya kesi mahakamani na serikali kushindwa kura bungeni. Askari wa Jumuiya ya Madola walikuwa wakidaiwa pauni 2,389 kila kichwa ili wabaki. Ada ilipofutwa Aprili 2022, walifutiwa wao wenye utumishi wa miaka sita. Wake na watoto hawakuguswa. Watoto wa mpwa wangu wamezaliwa huko, Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Niwaambie warudi kwenye kopo la biskuti?

Basi apewe, yeye na jamaa yake, bila ada. Akitaka kurudi kwao, pensheni imfuate bila kuulizwa analala wapi. Nasema hivyo huku nikisitasita, kwa sababu keya waliobaki jeshini ndio waliotumwa misituni kuwasaka Mau Mau, na sijui hao nao ningewatetea kwa sauti hii hii.

Mpwa anatimiza miaka sita mwakani. Ameniuliza aombe kubaki au arudi. Nimemwambia kwanza atazame jina lake limeandikwaje.