Dawa za presha zikiisha mwezi wa sita, kagua maoteo (makadirio ya mahitaji) kabla ya kumshuku mfamasia

Wiki iliyopita msomaji mmoja, mratibu wa magonjwa yasiyoambukiza ngazi ya wilaya, aliniandikia kwa uchungu. Mwaka wa kwanza wa kliniki yao ya presha na kisukari ulikwenda vizuri, dawa zikatosha. Mwaka wa pili wakaagiza kiasi kile kile na nyongeza ya asilimia 10, na ilipofika Juni rafu zilikuwa tupu. Wakubwa wanauliza dawa zimekwenda wapi, na mfamasia anatazamwa kwa jicho la wizi.

Ndugu yangu mratibu, kabla hamjamwita mkaguzi, chukueni karatasi mfanye hesabu hii.

Tuseme mnaandikisha wagonjwa wapya 250 wa presha kila mwezi, na kila mmoja anakunywa amlodipine ya miligramu 5, kidonge 1 kwa siku, yaani 30 kwa mwezi. Aliyeandikishwa Januari atakunywa dawa miezi 12 ndani ya mwaka huo, wa Februari 11, wa Desemba mmoja tu. Jumlisha 12 na 11 na 10 mpaka 1, unapata 78. Zidisha kwa 250, ni miezi 19,500 ya matibabu, sawa na vidonge 585,000. Mwaka wa pili wale wagonjwa 3,000 wote wanakunywa dawa tangu Januari, miezi 36,000. Ongeza wapya wa mwaka huo, 19,500 nyingine, inakuwa 55,500. Hivyo ni vidonge 1,665,000, karibu mara tatu ya mwaka wa kwanza. Sasa tazama oda yenu: 585,000 na asilimia 10 juu yake ni 643,500. Ukizigawa mwezi kwa mwezi zinafika katikati ya Juni, basi. Mfamasia wenu amelaumiwa kwa kosa la fomula.

Kuna watakaosema nimesahau watoro na wanaofariki. Haya, ondoeni asilimia 30 ya wagonjwa wa mwaka wa kwanza. Wanabaki 2,100, na mahitaji ya mwaka wa pili yanashuka hadi vidonge 1,341,000. Bado ni zaidi ya mara mbili. Na upande wa pili kuna jambo linaloongeza: wengi presha zao hazishuki kwa miligramu 5, wanapandishwa hadi 10 au wanaongezewa dawa ya pili. Kama bohari haina vidonge vya miligramu 10, mgonjwa anapewa viwili vya 5 na akiba inaliwa maradufu bila idadi ya wagonjwa kubadilika. Kwa hiyo kwenye maoteo tenganisheni mstari wa 5 na mstari wa 10, na dawa ya pili iwe na mstari wake.

Utaratibu wa kuagiza kwa kutazama matumizi ya mwaka uliopita ulijengwa kwa ajili ya malaria, kuhara na nimonia. Mgonjwa wa malaria isiyo kali anakunywa dawa mseto siku 3, anapona, anatoka kwenye hesabu. Wa presha hatoki. Kila kundi jipya linakaa juu ya lile la zamani, mwaka baada ya mwaka. Nchi nyingi zinazoendelea zimebadilika magonjwa lakini hazijabadilisha karatasi za kuhesabia, na hapo ndipo mipango mingi mizuri inapokufa.

Mtafiti wa afya ya jamii Abdel Omran alipoandika kuhusu mabadiliko haya ya magonjwa mwaka 1971, aliyapanga kama ngazi: enzi ya tauni na njaa, kisha enzi ya milipuko kupungua, kisha enzi ya magonjwa ya muda mrefu. Baadaye Julio Frenk wa Mexico na wenzake walionyesha kuwa nchi za kipato cha kati na cha chini hazipandi ngazi hiyo kwa utaratibu. Magonjwa ya zamani na mapya yanakaa pamoja, na maskini anabeba yote mawili. Mpangaji asiyekubali hili hufanya kosa baya kuliko yote: kuhamisha fedha za vyandarua kwenda kununua dawa za presha. Sri Lanka ilibaki na wagonjwa 17 tu wa malaria mwaka 1963. Udhibiti ukalegezwa, na kufikia 1968 na 1969 ulikuwa umezuka mlipuko wa zaidi ya wagonjwa nusu milioni. Ugonjwa uliopungua kwa sababu ya kazi hurudi kazi ikisimama. Fedha za presha zitafutwe kama fedha mpya.

Tena mpaka wenyewe kati ya magonjwa ya kuambukiza na yasiyoambukiza unavuja. Kisukari huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu, kwa hiyo kupima sukari kila mgonjwa wa kifua kikuu, na kumuuliza kila mgonjwa wa kisukari kuhusu kikohozi, ni kazi inayofanyika ndani ya kliniki zilizopo. Saratani ya mlango wa kizazi chanzo chake ni kirusi cha HPV, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linakubali dozi 1 kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 pale zilipokuwa zinatolewa 2. Hilo pekee hubadilisha mstari mzima wa bajeti ya chanjo. Homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo wa mtoto huanza na koo lisilotibiwa. Akishaharibika moyo anahitaji sindano ya benzathine penicillin kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi. Sindano moja ni rahisi kupanga. Kuhakikisha ya wiki ya nne haikosekani, ndiyo kazi.

Njia ya kutoka kwenye mtego huu mnaijua tayari, iko chumba cha jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mpango wa kifua kikuu wa Tanzania, pamoja na daktari bingwa wa ugonjwa huo Karel Styblo, ulijenga utaratibu wa rejista ya wilaya na kufuatilia kila kundi la robo mwaka mpaka matokeo yajulikane. Malawi ilipoanza kusambaza ARV kwa wingi mwaka 2004 iliazima utaratibu huo huo. Presha na kisukari vinahitaji kitu hicho hicho: rejista inayohesabu watu, wakati ile ya wagonjwa wa nje inahesabu mahudhurio.

Safu zake zisizidi zinazojazika: namba ya mgonjwa, tarehe ya kuandikishwa, presha au sukari ya siku ya kwanza, dawa na dozi, tarehe ya miadi, kipimo cha mwisho, matokeo. Kila mwisho wa robo mwaka chukua walioandikishwa miezi 6 hadi 9 iliyopita uwagawe mafungu matano: presha iko chini ya 140/90, bado iko juu, hakuja, amehamia, amefariki. Fungu la "hakuja" lisifichwe ndani ya la "bado iko juu", maana dawa ya tatizo la kwanza ni simu na mhudumu wa afya wa jamii, na ya la pili ni kupandisha dozi. Kosa linaloharibu rejista nyingi ni kumpa mgonjwa namba mpya kila anapopoteza kadi. Mtu mmoja anageuka watatu, wawili kati yao "watoro" ambao hawapo duniani. Namba iwe moja maisha yote. Wekeni na orodha ya majina kwa alfabeti ili ipatikane bila kadi.

Kabla ya kumwingiza mtu kwenye rejista, hakikisheni ana ugonjwa. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu kipimo kibaya kikimpa mtu presha asiyonayo, mmempa vidonge 365 kwa mwaka. Mgonjwa akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini isiyopishanishwa, kibofu kitupu. Mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, na mkanda ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Asiongee. Pima mara mbili, ukiacha angalau dakika 1 katikati. Kisha arudi siku nyingine: bila dalili za hatari, utambuzi ni 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na vituo vingi vina mkanda wa ukubwa mmoja tu. Kwenye oda ya mashine andikeni mikanda mikubwa waziwazi, la sivyo haitaletwa.

Takwimu za wilaya nazo zisomwe kwa tahadhari. "Presha imeongezeka mara mbili" inaweza kuwa na maana tatu: watu wameongezeka na kuzeeka, mmenunua mashine mkaanza kuona yaliyokuwepo, au hatari yenyewe imekua. La kwanza litenganisheni kwa kugawa idadi kwa watu wa kila kundi la umri. La pili linganisheni na idadi ya waliopimwa. Na kagueni safu ya "mpya" na "marudio", kwa sababu mgonjwa yule yule akiandikwa "mpya" kila mwezi anakuwa wagonjwa 12 mwisho wa mwaka. Kwa vyanzo vya vifo, pitieni vyeti 20 vya hospitali. Vikiwa vingi vimeandikwa "moyo kusimama" bila kingine, hamna takwimu za vifo, kwa kuwa moyo wa kila maiti umesimama. Mstari wa juu uandikwe kilichoua moja kwa moja, mfano kuvuja damu kwenye ubongo, na wa chini yake kilicholeta hicho, mfano shinikizo la juu la damu. Bila mstari wa chini, kiharusi hakitafika kamwe kwenye bajeti.

Kisukari kina matatizo yake ya vifaa. Vitepe vya sukari vinaingia kwenye mashine ya aina moja tu, kwa hiyo mashine za msaada wa aina tano ni mizigo mitano. Kubalianeni aina moja kwa wilaya nzima. Kichupa kikishafunguliwa andikeni tarehe juu yake, kifuniko kifungwe papo hapo, kwa sababu unyevu huharibu vitepe na majibu yanapotoka bila mtu kujua. Insulini ikae nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Msongamano unapunguzwa na ratiba. Wagonjwa 3,000 wakija kila mwezi ni mahudhurio 36,000 kwa mwaka, na kwa siku 250 za kazi ni watu 144 kwa siku. Ambao presha imetulia wapeni dawa za miezi 3. Wote wakifika hapo, wanabaki 48 kwa siku, na muuguzi anapata nafasi ya kuwapima sawasawa. Ila mwezi wa kuanza mtatoa dawa za miezi 3 kwa mkupuo. Waanzisheni kwa mafungu, theluthi moja kila mwezi, na akiba ya ziada ya miezi 2 iwe imeshapokelewa.

Turudi kwa mratibu wetu na rafu zake tupu. Kampeni za kupima presha hadharani zisimamishwe leo. Inaniuma kuona Mei 17, siku ya presha duniani, watu mamia wakiambiwa ni wagonjwa na wilaya isiyo na kidonge cha kuwapa. Kidogo kitakachopatikana kwa dharura msikigawe siku 10 kwa kila mtu, kwa sababu nusu dozi haimlindi yeyote. Watangulizeni waliowahi kupata kiharusi au ugonjwa wa moyo, wenye figo mbovu, na wenye presha ya 160/100 na zaidi. Wajawazito wapelekeni kliniki yao, dawa zao ni nyingine. Halafu andikeni ombi la nyongeza lenye jedwali moja: kwa kila mwezi uliobaki, wagonjwa walioko kwenye dawa, wapya wanaotarajiwa, wanaotarajiwa kutoka, vidonge vinavyohitajika kwa kila dozi, vilivyopo. Ambatanisheni nakala ya kurasa za rejista, majina yakiwa yamefunikwa, na mfamasia awe ndiye anayelieleza kwenye kikao.