Kwa mnaoanza wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo

"Amepooza" peke yake kwenye faili haimsaidii anayepokea zamu. Andikeni ganzi inaanzia wapi. Mgonjwa afumbe macho, mteremke na pamba, kisha pini, kutoka shingoni, kulia na kushoto. Neva huitwa kwa sehemu ya mgongo zinakotokea, C shingoni, T kifuani, L kiunoni, na namba huongezeka kwenda chini: usawa wa chuchu ni neva ya T4, kitovu ni T10. Aliyeumia shingo, hesabuni pumzi kwanza: neva za C3 hadi C5 ndizo zinazoendesha kiwambo cha kupumulia.

Kipimo kinachorukwa kwa aibu ni cha njia ya haja kubwa. Vuteni pazia, ombeni ruhusa, vaeni glavu, guseni ngozi ya pembeni, kisha ingizeni kidole na mwambieni abane. Akihisi, au akibana hata kidogo, jeraha si kamili, yaani baadhi ya mawasiliano bado yanapita kwenye uti, hata kama miguu haisogei kabisa, na matumaini yake ni tofauti na ya mwenzake wa kitanda cha pili mwenye jeraha kamili.

Msitoe hukumu siku ya kwanza. Mshtuko wa uti wa mgongo huzima refleksi (miitikio ya mwili isiyo ya hiari) na kulegeza misuli kwa siku au wiki kadhaa. Refleksi zikirudi, miguu hukakamaa na kurukaruka, ndugu wakashangilia. Waelezeni taratibu kwamba si yeye anayeirusha.

Majeraha yasiyo kamili yana sura zake. Mzee aliyeanguka kifudifudi anaweza kutembea, ila mikono haishiki kikombe. Aliyechomwa kisu mgongoni, mguu wa upande ule hauna nguvu, na ule wa pili una nguvu lakini hausikii maumivu wala joto.

Chini ya pingili ya L2 uti wenyewe umekwisha, limebaki fungu la neva. Maumivu ya kiuno, ganzi sehemu za siri, mkojo hautoki: mwiteni daktari wa upasuaji usiku huohuo.

Na hili mtakutana nalo tu, kwa walioumia T6 kwenda juu: kichwa kinagonga ghafla, jasho usoni, presha imepanda. Wengi wao presha yao ya kawaida iko chini, kwa hiyo 140 msiione ndogo. Mkalisheni wima, legezeni nguo, na kabla ya kukimbilia dawa fuateni mpira wa mkojo kwa mkono hadi kwenye mfuko, maana kibofu kilichojaa ndicho mara nyingi kinacholeta hali hii. Mara nyingi mpira umejikunja chini ya paja.