Swali la lugha: "Ghasia", "uasi" au "maandamano"? Tuanze na kitenzi

Swali: Mimi ni mhariri wa habari za kimataifa. Tunapotafsiri habari za raia kuuawa na polisi, na za watu wanaoingia barabarani baada ya hapo, chumba chetu cha habari hugawanyika. Wengine hutaka tuandike "ghasia", wengine "uasi" au "maandamano", na kila upande huushutumu mwingine kwa upendeleo. Juzi tuliandika hivi: "Ghasia zilizuka kufuatia kifo cha mtu mmoja katika purukushani na polisi, ambapo wahuni walipora maduka." Je, sentensi hii ina kosa? Na kauli mashuhuri ya Martin Luther King Jr., mtetezi wa haki za Weusi Marekani, je, tuseme ghasia ni lugha ya "wasiosikika" au ya "wasiosikilizwa"?

Jibu: Ukiacha neno "ambapo", ambalo hapa limetumika kama gundi tu bila mahali linaporejelea, sentensi yenu haina kosa la sarufi. Hata hivyo imefanya jambo ambalo ninaamini hamkulikusudia. Nusu yake ya kwanza haina mtendaji hata mmoja, kwa kuwa ghasia zimezuka zenyewe na kifo kimekuwapo chenyewe, ilhali nusu ya pili ina mtendaji aliye wazi kabisa, tena amekwisha kuhukumiwa kwa jina la "wahuni". Msomaji anaondoka akijua nani aliiba na asijue nani aliua. Chumba chenu kinabishania nomino, na upendeleo umeingia kupitia vitenzi, ambavyo hakuna aliyevilinda.

Kiswahili kina njia mbili za kumrudisha nyuma mtendaji, na hazilingani. Kauli ya kutendwa humrudisha nyuma lakini humwachia mlango wazi: "aliuawa" huweza kuendelea kuwa "aliuawa na askari", na hata pasipo nyongeza hiyo kila msikilizaji anajua kwamba yupo aliyeua. Kauli ya kutendeka huufunga mlango huo: dirisha lilivunjika, umati ulitawanyika, bunduki ilifyatuka. Huwezi kusema "dirisha lilivunjika na vijana" ukaeleweka kwamba vijana ndio waliolivunja. Kwa hiyo anayeandika "bunduki ilifyatuka" anasema kwamba hapakuwa na kidole kilichokusudia, na hayo ni madai mazito yanayopaswa kuthibitishwa na uchunguzi. Kama hayajathibitishwa, basi yawekwe katika kinywa cha msemaji wa polisi aliyeyatoa, na mwandishi asiyachukue kuwa yake.

Kanuni hiyohiyo inawabana waandishi wanaowaonea huruma waandamanaji. Usiku wa tarehe 28 Mei 2020, mjini Minneapolis, Marekani, siku tatu baada ya George Floyd kufa mikononi mwa polisi, kituo kimoja cha polisi kilichomwa moto na baadhi ya watu waliokuwa mitaani. Kuandika kwamba kituo hicho "kiliteketea" ni kukifanya kama kilichopigwa na radi. Kilichomwa, na waliokichoma ni watu.

Tukirudi kwenye vifo, tuangalie kitenzi "kufariki". Ni neno la adabu, lenye asili ya Kiarabu na maana ya kutengana, na tunalitumia kwa sababu hatupendi kusema "alikufa" mbele ya wafiwa. Mimi mwenyewe sikubali marehemu atajwe bila staha. Lakini staha hiyo inapotumiwa kwa mtu aliyeuawa, humlinda zaidi aliyeua kuliko inavyomheshimu aliyekufa. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Minneapolis kuhusu Floyd, Mmarekani Mweusi aliyekufa tarehe 25 Mei 2020, ilieleza kwamba mtu alifariki baada ya tukio la kiafya alipokuwa mikononi mwa polisi, na haikutaja goti wala shingo. Kilichoibadilisha sentensi hiyo ni video ya mpita njia, iliyoonyesha askari Derek Chauvin akiwa amemkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika 9.

Hapo ndipo wahariri wengi husema: sisi si mahakama, hatuwezi kuandika "aliuawa" kabla ya hukumu. Hoja hiyo naiheshimu, lakini haiwalazimishi kuandika "alifariki" na kunyamaza. Kati ya kuhukumu na kuficha ipo njia ya tatu, nayo ni kutaja kitendo kilichoonekana kama kilivyoonekana: "Alikufa baada ya askari kumkandamiza shingo kwa goti kwa zaidi ya dakika 9." Sentensi hiyo haimtii mtu hatiani na haimfichi mtu. Baada ya tarehe 20 Aprili 2021, jopo la wazee wa baraza lilipomtia Chauvin hatiani kwa mauaji, "aliuawa na askari" ikawa taarifa ya kawaida isiyohitaji kinga yoyote.

"Purukushani" nayo ina dhambi yake. Neno hili huchora picha ya watu wanaovutana na kusukumana, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Mnamo Machi 1991 mkazi mmoja wa Los Angeles aliwarekodi kwa video askari wakimpiga Rodney King, Mmarekani Mweusi, kwa virungu huku akiwa chini. Kilichomo katika picha hizo kinaitwa kipigo. Andikeni "purukushani" pale tu mnapojua kwamba pande zote mbili zilishikana.

"Kufuatia" ni kitenzi kilichochoka kwa kutumiwa ovyo, nami ninalikwepa pale ambapo suala lenyewe ni chanzo. Jambo linalofuata jingine si lazima liwe limetokana nalo, na mjadala wote kuhusu ghasia za namna hii ni mjadala wa chanzo: upande mmoja husema watu walikasirishwa na polisi, upande mwingine husema walikuwa wakitafuta nafasi ya kupora. Andikeni "baada ya" mnapotaka kueleza wakati peke yake. Mkitaka kueleza sababu, andikeni "kutokana na" au "kwa kukasirishwa na", kisha mseme aliyewaambia hivyo ni nani.

Sasa nomino zenu. "Fujo" ni neno la watoto darasani na walevi barabarani. Linaudogosha msiba, hivyo silipendekezi penye maiti. "Vurugu" linatokana na kuvuruga, kitenzi chenye mtendaji na mtendwa, kwa hiyo ndani yake daima yupo aliyevuruga, na msomaji atamtafuta. "Machafuko" lina asili katika kuchafuka, ile kauli ya kutendeka tuliyoiona juu, kama bahari inavyochafuka. Linafaa hali inapokuwa imevurugika mahali pengi na wahusika hawajabainika, na ndiyo sababu taarifa rasmi hulipenda. Tume aliyoiunda Rais Lyndon Johnson wa Marekani mwaka 1967, baada ya miji mingi kulipuka, ilibeba katika jina lake maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "machafuko ya kiraia". Jina lilikuwa tulivu, lakini ripoti yake ya mwaka 1968 iliuweka mwenendo wa polisi katika daraja la kwanza la manung'uniko ya wakazi Weusi, pamoja na ukosefu wa ajira na makazi duni. "Ghasia" liko katikati: linataja umati unaovunja na kuchoma, bila kusema kama hasira yake ina haki au haina. Kwa uporaji na uchomaji wa pamoja, ndilo ninalolishauri.

Sharti langu ni kwamba lisiwamwagikie wasiohusika. Shirika la utafiti wa migogoro la ACLED lilihesabu Marekani zaidi ya maandamano 7,700 ya vuguvugu la kutetea maisha ya Weusi kati ya mwishoni mwa Mei na mwishoni mwa Agosti 2020, na zaidi ya asilimia 93 hayakuwa na vurugu wala uharibifu. Anayeyaita yote "ghasia za 2020" anakosea hesabu kabla ya kukosea siasa. Kosa la upande wa pili ni kuyaita yote "maandamano ya amani" huku moshi ukionekana nyuma ya mtangazaji. Kiswahili kinaturuhusu kuwatenganisha watu kwa vitendo vyao, hata wakiwa mtaa mmoja na saa moja: waandamanaji waliandamana, waporaji walipora.

"Uasi" mliliweka upande wa wanaowatetea waandamanaji, nami nawaonya kwamba huenda lisiwasaidie. Mtu humuasi mzazi, mfalme au Mungu. Neno lenyewe linakubali kwamba yupo mwenye haki ya kutiiwa, na kisheria linawatwika watu kosa zito kuliko kuvunja vioo. Anayetaka kusema kwamba watu wamesimama kudai haki ana "mwamko" na ana "vuguvugu", lakini maneno hayo ni ya uchambuzi na hayakai vizuri katika habari ya saa moja iliyopita. Nimevutiwa na walichofanya Wamarekani wenye asili ya Korea, ambao maduka yao mengi yaliharibiwa Los Angeles kuanzia tarehe 29 Aprili 1992, siku ambayo askari wanne waliompiga Rodney King walikwepa hatia katika mahakama ya jimbo. Zaidi ya watu 50 walikufa katika siku zile. Wakati wengine wakibishania "ghasia" na "uasi", wao waliziita kwa Kikorea Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa, kwa mwezi na tarehe. Mhariri aliyekwama anaweza kuiga: tarehe haina upande.

Kuhusu upande wa polisi hamkuuliza, lakini nitaligusa kwa sababu kosa lake ni la kila siku. "Mauaji ya polisi" ina maana mbili, polisi walioua na polisi waliouawa, na kihusishi "ya" hakiwezi kutuamulia. Andikeni "mauaji yanayofanywa na polisi" au "mauaji ya askari polisi waliokuwa doria", hata kama kichwa cha habari kitarefuka. "Ukatili wa polisi" inaeleweka vyema, ila kumbukeni kwamba "katili" imetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuua; si neno la kofi moja. "Matumizi ya nguvu kupita kiasi" si tafsida, kama baadhi ya wanaharakati wanavyodhani, mradi kiasi chenyewe kitajwe. Kipo: kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto hudai ulazima na uwiano, na huruhusu risasi dhidi ya mtu pale tu penye tishio la papo kwa papo la kifo au jeraha kubwa, njia nyingine zikiwa hazitoshi. "Unyama" ningeliacha kabisa. Mnyama hashtakiwi, askari hushtakiwa, na neno linalomtoa katika ubinadamu humtoa pia katika sheria.

Limebaki neno "wahuni". Nimesoma habari nyingi ambamo askari "anadaiwa" kuua, "anatuhumiwa" kuua, "anahusishwa" na kifo, na aya inayofuata vijana "waliiba", bila "inadaiwa" hata moja. Tahadhari ya kisheria ni haki ya wote wawili. Kama askari ni mtuhumiwa hadi mahakama iseme, kijana aliyekamatwa na viatu mkononi naye ni mtuhumiwa; na kama kijana ana sifa mbaya kabla ya kesi, tujiulize kwa nini askari hana.

Sentensi yenu ningeiandika upya hivi, nikichukulia kwamba mambo haya mmeyathibitisha: "Mamia ya watu waliandamana jana baada ya askari wa polisi kumpiga risasi na kumuua mkazi mmoja, baadaye usiku kundi la watu lilivunja na kupora maduka, na polisi wanasema wamewakamata watuhumiwa kadhaa." Ni ndefu kuliko yenu, na kila kitenzi kina mwenyewe.

Kuhusu kauli ya Martin Luther King, chagueni "wasiosikilizwa". "Wasiosikika" ni kutendeka: sauti ni ndogo, au upepo ni mkali, na hakuna wa kulaumiwa. "Wasiosikilizwa" ni kutendwa, na inamdai msikilizaji aliyegeuza uso. King mwenyewe alimtaja msikilizaji huyo. Katika hotuba yake ya Aprili 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford, alisema kwanza kwamba ataendelea kulaani ghasia kwa sababu zinabomoa na kuwaumiza wenyewe wanaozifanya, na kwamba lazima alaani kwa nguvu ileile hali zinazowafanya watu waone hawana njia nyingine. Kisha, mara tu baada ya kuziita lugha ya watu hao, akauliza ni nini ambacho Marekani imeshindwa kukisikia. Mkimnukuu, mnukuuni pamoja na laana yake na swali lake, maana kauli hiyo ikikatwa peke yake, upande mmoja huisoma kama ruhusa ya kuchoma na mwingine kama uchochezi.