Choo kimeharibika wiki ya tatu, nikate kodi mwenyewe? Kwanza tuhesabu siku

Mleta mada anasema choo cha ndani hakivuti maji wiki ya tatu sasa, nacho ndicho pekee alichonacho. Mwenye nyumba wimbo wake ni "fundi anakuja kesho", na tarehe ya kodi inakaribia. Anauliza kama akate kiasi anachoona kinafaa atume kilichobaki. Naona wengi mmemwambia akate tu, mwenye nyumba atatia akili. Mimi yalishanikuta, na nilikaribia sana kufanya hivyohivyo, kwa hiyo nivumilieni niandike kirefu.

Kwangu ilikuwa dari. Bomba la bafu la ghorofa ya juu lilianza kuvuja, na chini yake hasa ndipo kilipokuwa kitanda changu. Mwanzo lilitokea doa la rangi ya chai, ukubwa wa kisosi. Siku ya tatu rangi ya dari ikavimba kama lengelenge. Nikaichokoa na mpini wa ufagio, ikanimwagia maji ya kahawia kikombe kizima juu ya shuka. Jioni ile nikahamishia godoro sebuleni, nikidhani ni usiku mmoja au miwili. Lilikaa sebuleni siku 57.

Kosa langu la kwanza ni simu. Siku 12 za mwanzo nilikuwa nampigia mzee, yaani mwenye nyumba wangu, ananijibu vizuri kabisa, "nimekusikia mwanangu, namtuma mtu". Sikuandika popote. Tulipokuja kukaa mezani akasema kwa uso mkavu kwamba yeye habari za dari alizijua siku niliyomwandikia. Nikafungua simu nimwonyeshe. Orodha ya simu ilionyesha tuliongea mara sita. Tuliongea nini, haionyeshi. Siku 12 zikaenda na maji.

Siku ya 13 ndipo nilipoandika. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi, mtu anaweza kuuchukua akaubadilisha: "Shikamoo mzee. Dari ya chumba cha kulala inavuja tangu tarehe fulani, nimeambatanisha picha. Chumba hakilaliki, nalala sebuleni. Naomba irekebishwe ndani ya siku 7. Kwa siku ambazo chumba hakitumiki naomba tukubaliane punguzo la kodi, kuanzia leo mpaka siku kitakapokamilika." Hakuna tusi wala vitisho. Una tarehe, picha, kitu ulichokosa na muda. Mwenye nyumba akijibu hata "sawa" tu, tayari amekiri kwamba ameambiwa.

Sasa hili la kukata mwenyewe. Sheria haziko sawa kila mahali, na hapo ndipo watu wanapoponzana kwa ushauri wa mtandaoni. Ujerumani, kifungu cha 536 cha sheria yao ya madai kinasema kasoro ikipunguza matumizi ya nyumba, kodi nayo inashuka kwa nguvu ya sheria, hata mwenye nyumba asiporidhia. Ila hata huko mpangaji anatakiwa awe ametoa taarifa, na akikata kupita kiasi anahesabiwa ana deni. England ni kinyume: sheria yao ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985 inamlazimu mwenye nyumba atengeneze mabomba, vyoo, umeme na mitambo ya maji moto katika nyumba nyingi za kupanga, lakini haimpi mpangaji ruhusa ya jumla ya kuzuia kodi. Ukizuia unakuwa mdaiwa, na deni la kodi linaweza kukutoa kwenye nyumba. Kwa hiyo mtu anayekwambia "kata tu" bila kujua uko chini ya sheria ipi na mkataba wako umeandikwaje, anakuchezea nyumba yako, siyo yake. Mpaka ujue, lipa kamili, na siku unayolipa uandike mstari mmoja: nimelipa kodi yote, dai langu la punguzo liko palepale.

Najua inauma. Mimi nililipa kodi kamili mara mbili huku nikilala sebuleni na matone yakigonga ndoo kule chumbani, to, to, to, usiku kucha.

Jambo lililonisaidia zaidi ya yote ni kuacha kuliona punguzo kama adhabu. Mwanzoni nilitaka mzee "asikie uchungu", na kila tulipoongea alijitetea kuhusu nia: fundi amemzungusha, kifaa hakikupatikana, jirani wa juu hafungui mlango. Huenda yote yalikuwa kweli. Siku moja nikamwambia, mzee nakuamini, lakini hata kama aliyekuchelewesha ni malaika, chumba sikukitumia. Akanyamaza. Tangu hapo hatukubishana tena nani mbaya, tulibishana siku na sehemu ya nyumba, na hayo yanahesabika.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua siku ulizokosa kitu, unazidisha kwa sehemu ya nyumba uliyoikosa, unapata siku za kodi zinazotakiwa kurudi. Mimi baada ya taarifa ya maandishi zilipita siku 45. Katika hizo, 4 zilikuwa zangu: fundi alikuja kweli, akakuta nimefunga na simu imezima chaji, akarudi baada ya siku nne. Mzee hakulisahau hilo, na alikuwa na haki. Zikabaki 41. Mimi nikadai nusu, kwa sababu sebule nayo ilishageuka chumba cha kulala. Nusu ya 41 ni siku 20 na nusu. Yeye akasema jiko, bafu, sebule na chumba cha pili vyote vilikuwa vinafanya kazi, akataka kunipa siku 5. Tukaishia robo, yaani siku 10 na kidogo, akaikata ile kidogo. Nilikubali. Ningeweza kuvutana zaidi ila kwa ushahidi niliokuwa nao ile robo ilikuwa ya haki.

Choo chako mleta mada ni jambo zito kuliko dari yangu. Chumba ukikikosa unahamia kingine. Choo pekee ukikikosa unahamia kwa jirani, usiku wa manane, na kama una mtoto au mgonjwa ndiyo kabisa. Mimi ningeanza kwa kudai nusu au zaidi, na nisingeshuka kirahisi. Lakini kwanza uhakikishe kilichokiziba si kitu kilichotupwa humo na watu wa kwako. Fundi akitoa nepi kwenye bomba, punguzo limekufa, na bili ya fundi inakugeukia wewe.

Usichanganye madai matatu kwenye kapu moja. Kutengenezewa ni moja. Punguzo la siku zilizopita ni la pili. Vitu vilivyoharibika, au fundi uliyemlipa mwenyewe, ni la tatu, na hilo linataka risiti. Mimi niliyachanganya, nikadai na godoro humohumo, mzee akashikilia godoro wiki nzima ("lilikuwa la zamani hilo") na mengine yakasimama. Nilipoliweka pembeni mambo yakasogea. Godoro sikulipwa, kama mnataka kujua.

Na kuna mtego mmoja mtamu: atakuja na punguzo zuri ili matengenezo yasahaulike. "Basi lipa pungufu mwezi huu, tutaona." Ukipokea bila kuandika kwamba ni la siku zilizopita na ukarabati bado unadaiwa, mwezi ujao utaambiwa mlishamalizana.

Kama ulishalipa miezi ya mbele, usikubali kuambiwa pesa imeshaingia basi haitoki. Ombeni ihesabiwe kwenye malipo yajayo, au mkataba uongezwe siku hizo. Mimi nilichukua siku: nilihama siku 10 baada ya mwisho wa mkataba, bila kulipa kitu. Iliandikwa kwenye karatasi, mistari minne, sahihi mbili. Akigoma kabisa, hapo ndipo unapeleka karatasi zako kwenye baraza au mahakama inayoshughulikia migogoro ya pango mahali ulipo, na ukifika huko wataanza kwa kukuuliza ulimwandikia lini.

Kwa hiyo usiku huu huu mtumie ujumbe, na picha ya choo hata kama inatia kinyaa. Zile wiki tatu zitaje kwa tarehe, ukiwa na meseji hata moja ya zamani iambatanishe. Na kesho usitoke, maana huenda safari hii fundi akaja kweli.