Ratiba ya watu wachache na kazi zisizotabirika

Ndugu, umeuliza kwa nini mradi wako wa watu wawili huchelewa ilhali kila kazi umeiongezea siku za akiba. Tatizo ni hizo siku zenyewe. Kazi ikiisha mapema, mtu huendelea kuiboresha mpaka tarehe ifike; ikichelewa, inayofuata husukumwa. Akiba inapotea bila faida.

Kwa kila kazi andika makadirio matatu: siku chache kabisa, za kawaida na nyingi kabisa. Zidisha za kawaida kwa 4, jumlisha zote, gawanya kwa 6. Kazi ya siku 4, 6 na 14 inatoa 7. Mtawanyiko wake, yaani kadiri muda unavyoweza kupishana na makadirio, ni 14 kutoa 4, gawanya kwa 6: takriban 1.7.

Kisha panga kwa kufuata watu. Kazi mbili zisizotegemeana lakini zinazomhitaji mtu yuleyule haziwezi kwenda sambamba, hata mchoro wa ratiba ukionyesha hivyo. Tangulia na ile isiyoweza kusogezwa sana bila kuchelewesha mradi mzima. Mnyororo wa kazi zinazofuatana ulio mrefu kuliko yote ndio unaoamua tarehe.

Akiba weka mwishoni mwa mnyororo huo. Kazi nne kama ile ya siku 7 ni siku 28. Jumlisha miraba ya mitawanyiko, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, zidisha kwa 2: akiba ya siku 7 hivi. Ukiiweka kazi kwa kazi ungehitaji 13.

Jihadhari panapokutana njia mbili, yaani kazi inayosubiri minyororo miwili iishe. Kila moja ikiwa na uwezekano wa asilimia 80 kuwahi, na hazitegemeani, zote mbili kuwahi ni asilimia 64 tu.